Homa Yenye Miguu

Chumba cha cherehani,
Nyuma ya duka la vitambaa.
Jumapili, 14 Julai.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe, na shemeji, na mapacha? Mgongo wako unasemaje, au bado unanyanyua ndoo kama msichana wa miaka ishirini? Mimi nipo. Nakula, nalala kidogo, miguu inakanyaga cherehani kama kawaida. Ukisikia watu wanasema nimepoa, usiwaamini sana.

Simu zako nilikuwa naziona. Nilikuwa naziacha ziite mpaka zinyamaze zenyewe. Leo naandika kwa sababu haya kwa mdomo sitayafikisha katikati kabla sijalia.

Ni habari ya kile kitabu. Ulipomtumia mwanangu Chiriku riwaya ya vijana wawili wenye ugonjwa kama wake, wanaopendana wodini, nilikufyatulia maneno ambayo dada hapaswi kumwambia mdogo wake. Nilisema unamchimbia mtoto kaburi. Ulijua nilivyowaagiza wote: mbele ya Chiriku, ni homa tu. Hata nywele zilipopukutika nilisema ni homa. Alikuwa na miaka kumi na sita, nikajidai namwonea huruma.

Nikakificha chini ya vitambaa vya wateja. Lakini Chiriku unamjua, hakuna kitu kinachokaa humu ndani asikijue. Baada ya wiki alikuja nacho mkononi, akasema macho yanamchoka, nimsomee. Ningekataa kwa sababu gani?

Basi nikasoma, na kila nikifika kwenye lile neno, nasema "homa". Siku moja daktari wa kitabuni akamwambia yule kijana kwamba homa yake imehamia kwenye mifupa. Chiriku akacheka mpaka akakohoa. "Homa gani hiyo, mama, yenye miguu?" Nikamwambia asinikatize. Akaniangalia kidogo, akasema, "Haya, endelea."

Humo kuna mama anayejikoholesha nje ya mlango apate nafasi ya kufuta machozi kabla hajaingia. Nilipofika hapo nilidhani mwandishi amenichungulia. Chiriku akanipapasa mkono.

Tulifika ukurasa wa mia na kumi. Yaliyofuata unayajua.

Wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi hata kilio hakikunifichua. Siku ya mazishi mtu aliniuliza mtoto alikuwa anaumwa nini, nikajibu homa, na muuguzi wake amesimama palepale. Aliinamisha kichwa, maskini.

Jana nilikuwa natafuta kipande cha bitana ya koti nikakutana na kitabu. Nikafungua tulipoishia. Mdogo wangu, kuanzia ukurasa ule kwenda mbele, kila palipo na lile neno pamekatwa kwa penseli, na juu yake pameandikwa "homa", kwa mwandiko wake ule wa kulalia upande. Kurasa na kurasa. Aliona ninavyobabaika, akanirahisishia kazi. Alikuwa anajua siku zote, na mgonjwa aliyekuwa anauguzwa ni mimi.

Ukurasa wa mwisho hakukata kitu. Pembeni ameandika: "Hapa soma lilivyo, mama."

Sijausoma. Nisamehe, mdogo wangu. Wewe ulimpa mtu wa kuongea naye, mimi nikamfungia mlango. Njoo, hata kwa siku mbili. Tukae kitandani kwake, nisome ukurasa huo na wewe unasikiliza, maana peke yangu ulimi hauniitikii.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako, na mapacha uwabusu mmoja mmoja wasigombane. Mungu awakinge watoto wako, asikuonjeshe hiki nilichoonja.

Ni mimi dada yako, niliyekupenda hata nilipokununia,

Fundi.

Barua nilishaifunga, nimeifungua tena. Mwanangu alikufa kwa saratani. Kuliandika nimeweza. Kulitamka nakusubiri wewe.