Raba Mpya, Supu ya Kiamaiko

Jumanne, 14 Machi 1995

Mama Ndinda, mke wangu, amenikuta. Nilikuwa kwenye benchi pale Kiamaiko, kwenye soko la nyama ya mbuzi, bakuli la supu ya kichwa cha mbuzi mkononi, miguuni raba alizoninunulia ili nitembee.

Daktari alisema presha imepanda, nitembee kila asubuhi na niache chumvi. Mwezi mzima nimekuwa nikimuaga hapa mtaani kwetu, Tena, kama mtu wa mazoezi, kumbe napanda gari kwenda kunywa supu.

Mama Ndinda alikuwa amekuja kununua matumbo ya kuwapikia wageni. Hakunipigia kelele mbele ya wachinjaji. Alisema tu, "Maliza, Baba Ndinda, turudi nyumbani."

Tulirudi kwa miguu. Yeye alitangulia na mfuko wake, mimi nikihema nyuma. Mara mbili nilisimama nikashika ukuta, na mara zote mbili alinisubiri. Nilitamani anitukane.

Jioni alipakua ugali na sukuma wiki isiyo na chumvi, kama kawaida. Nikamwambia, "Wewe huna presha. Tia chumvi kwa sahani yako."

"Nilidhani ukiniona nakula hivi, itakuwa rahisi kwako," akasema. "Kesho tutatoka wote wawili."

Alikula mpaka akamaliza. Mimi nilishindwa kumtazama. Nina miaka sitini na mbili, na huyu mama amekula chakula kisicho na ladha mwezi mzima kwa ajili ya mwongo.