Nimesema Mbele ya Wote, Mama

Mama,

Mahindi uliyopanda ukiwa mgonjwa tumeshayavuna, na mimi bado nina mimba. Nimeanza na hilo maana najua ndilo ungeniuliza kwanza.

Ulinifundisha kwamba mimba haitangazwi, tumbo litajisema lenyewe. Tukazificha zote tatu za kwanza. Kila ilipotoka ulinikanda kwa maji ya moto, ukawaambia majirani nina malaria. Ulinisitiri, Mama. Hii ya nne nilikunong'oneza wewe na mume wangu tu.

Siku ya pili ya msiba wako nikaona damu. Nikataka kuinuka, shangazi akanishika mkono: "Binti wa marehemu hatoki mkekani." Nikataka kunyamaza kama ulivyonizoesha, lakini wa kunisitiri hakuwepo tena. Nikasema mbele ya wanawake wote, "Nina mimba, na inataka kutoka."

Hakuna aliyenicheka. Shangazi alivua kanga yake akanifunga, akaita pikipiki, akakaa nyuma yangu kutoka Makere mpaka hospitali ya Kasulu akinikumbatia.

Daktari, mgeni wa Mbeya, alinipima kwa ultrasaundi, akasema moyo unadunda. Akanipa vidonge vya homoni vya kuweka ukeni, asubuhi na jioni. Akasema haahidi kitu, ila kwa mwanamke aliyewahi kupoteza mimba na akaanza kuvuja damu mapema, vinaweza kusaidia kuishikilia. Akauliza kwa nini zile tatu hazikuonekana hospitali. Nililia tu. Tuliwaficha majirani, kumbe tumewaficha na wenye dawa.

Sikulaumu hata kidogo. Ulinificha kwa mapenzi, na wewe ndivyo ulivyofichwa.

Vidonge nimemaliza, daktari ameridhika. Siku hizi kila mtu anajua. Hata yule mama Mkongo anayeuza vitenge ananiita, "Mama kijacho, umekula?" Naona haya, halafu nacheka njia nzima.

Jana mtoto alicheza kwa mara ya kwanza. Nikatoka mbio kuja kukwambia, nimefika mlangoni kwako ndipo nikaona kufuli. Nikakaa pale kizingitini mpaka mume wangu akanifuata.

Pumzika, Mama. Nikijifungua salama nitamleta kaburini kwako, nikutajie jina lake kwa sauti. Na asipofika, nakuahidi, sitasema ilikuwa malaria.

Mwanao