Almasi za Mke Mwenza

Jumapili, 2 Machi

Nimepewa saa. Ya zamani, ya dhahabu, na usoni pake mahali pa namba kuna almasi. Almasi! Mimi ambaye kitu pekee cha thamani nilichowahi kumiliki ni mume wangu. (Mume wangu. Wiki ya tatu sasa, na bado nikiandika neno hili mkono unatabasamu.)

Ilikuwa hivi. Tulikwenda kumsalimia Bibi yake. Bibi huniita mke mwenza, kwa sababu mjukuu ni mume wake na mimi nimemkuta naye. Leo shikamoo yangu haijafika mwisho, akanivuta niketi naye kitandani. Akasema, "Mke mwenza, wanaume wangu walikuwa wawili. Mmoja amekufa, mwingine umenichukulia. Sasa saa ya marehemu nibaki nayo ya nini, nihesabie upweke? Chukua, mwizi wewe."

Mume wangu akanivalisha mwenyewe. Mkanda ulikuwa wa mkono wa kiume, ikabidi atoboe tundu jipya kwa msumari. Alipokuwa akitoboa ulimi wake ulichungulia pembeni ya mdomo, kama anavyofanya akirudisha gari nyuma. Yeye ni mwalimu wa udereva. Nilitaka kulia palepale.

Shangazi yake alikuwepo. Ndiye binti mkubwa wa Bibi, ndiye aliyemlea mume wangu, na ndiye aliyesimamia harusi yetu mpaka rangi ya vitambaa vya meza. Aliuangalia mkono wangu kama mtu aliyekuta mlango wake uko wazi na anakumbuka vizuri kwamba aliufunga.

Jumatatu, 3 Machi

Kutwa nzima dukani nimekuwa nikinyoosha mkono bila sababu. Nauza miwani, kazi yenyewe ni ya kunyoosha mikono, lakini leo nilizidisha. Mteja mmoja akaniambia, "Dada, mimi sijauliza saa. Nimeuliza fremu."

Jioni Shangazi akapiga simu. Mume wangu aliongea naye amesimama wima, kama aliyesimamishwa na trafiki. Shangazi kasema hivi: kama saa ni ya kweli, si kitu cha kuachiwa msichana aliyeolewa juzi. Itarudi kwake, aiweke kabatini, aitunze kwa niaba ya ukoo. Kama ni feki, basi, bibi harusi achezee. Jumapili atakuja kwetu na fundi saa, baada ya chakula cha mchana, na Bibi awepo, ijulikane moja.

Nikamuuliza mume wangu, "Si ungemwambia ni zawadi?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema yeye ndiye aliyenifundisha kwenda chooni."

Nikaenda kupakua chakula.

Sijui kama kuna mwanamke mwingine duniani anayepiga magoti kuomba almasi zake ziwe za uongo. Mimi nimepiga. Siitaki kwa bei yake. Naitaka kwa sababu ya ule ulimi pembeni ya mdomo.

Jumanne, 4 Machi

Leo tumepima wenyewe.

Mwanafunzi mmoja wa mume wangu amemwambia kwamba almasi ya kweli ukiipulizia pumzi haishiki ukungu. Unatoweka papo hapo. Ya uongo, ukungu unakaa. Kumbe hata Shangazi aliwahi kuipima hivyohivyo enzi za marehemu, ukungu ukakimbia, na ndiyo maana ana uhakika kama wa hakimu.

Tukaketi chini, saa katikati yetu juu ya mto. Mume wangu akapuliza. Ukungu ukakaa. Nikapiga makofi. Nikapuliza mimi. Ukungu ukatoweka kabla sijafunga mdomo.

"Pumzi yako iko upande wa Shangazi," akasema.

Nikamwambia yake ina chai. Akaenda kusukutua. Akapuliza tena: ukatoweka. Nikanywa chai mimi. Ukakaa. Tukapuliza kwa zamu, kisha kwa pamoja, mpaka tukaona kizunguzungu na vichwa vikagongana. Akanishika paji la uso akauliza kama nimeumia. Nikasema sana, ingawa haikuwa sana.

Baada ya hapo hatukupima tena kitu chochote kinachohusu saa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya jambo bila kumwambia mume wangu. La kwanza katika ndoa yetu. Nilikuwa najisikia kama jasusi.

Wakati wa mapumziko nilikwenda kwa sonara wa mtaa wa nyuma, yule mwenye bango la pete kubwa kuliko mlango. Akaweka lenzi jichoni. Akaigeuza saa. Akaguna. Hakuifungua.

"Feki," akasema.

Nusura nimkumbatie juu ya kabati lake la vioo. Nikamuuliza amejuaje. Akasema zinang'aa mno, kitu cha kweli kina staha.

Ningetoka hapo ningekuwa mwanamke mwenye furaha. Lakini akasema, "Niachie basi, nikuondolee mzigo. Nitakupa pesa kidogo." Nikakataa. Akasema ataniongezea na hereni. Nikakataa. Nilipofika mlangoni akaniongezea na saa ya ukutani. Nilipofika barabarani alikuwa nyuma yangu na lenzi bado imening'inia shingoni, ananiita mwanangu.

Hakuna mtu anayemkimbilia mtu barabarani kwa ajili ya feki.

Nilirudi kazini nikamuuzia mzee mmoja miwani ya kike. Alishukuru akaivaa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemweleza mume wangu habari za sonara. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka ghafla. "Kwa hiyo ni ya kweli," akasema. Tukatazamana kama watu waliosikia mvua na nguo ziko nje.

Jioni nilimpelekea Bibi miwani yake niliyomkazia skrubu. Akanishika mkono, akaiweka saa sikioni. Akasema inakohoa vilevile kama mwenyewe. Nikajaribu kwa mbali: "Bibi, na wakisema si ya kweli?"

"Mke mwenza," akasema, "mume wangu hakuwa na kitu cha uongo mwilini isipokuwa meno. Na hayo aliniambia kabla hajanioa. Huyo fundi wao akisema marehemu alinivalia feki miaka yote, nitamfufua nimuulize."

Alicheka. Lakini hakuuachia mkono wangu. Alikaa nao vile, saa sikioni, macho ameyafumba.

Sasa siombi tena. Sijui niombe nini. Ikiwa ya kweli, inatoka mkononi mwangu. Ikiwa feki, Bibi anakuwa mjane wa mwongo. Nimempikia mume wangu chakula nikasahau chumvi, akala chote akasema ni kitamu. Ninampenda mtu huyu kupita kiasi, na yeye ni mwongo mkubwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesafisha sebule mara mbili. Mume wangu amekopa viti kwa jirani. Viti vyetu ni viwili tu, na mpaka leo tuliona vinazidi.

Jumapili, 9 Machi

Naandika chumbani. Wao wako sebuleni. Nitaeleza upesi.

Fundi saa ni mwembamba, mpole wa sauti, mwenye majivuno ya kutosha watu watatu. Alikula sahani mbili bila kuiangalia saa. Shangazi alikuwa amevaa kama anakwenda kupokea tuzo. Kila alipofungua mdomo, mguu wa kulia wa mume wangu ulikanyaga breki chini ya meza.

Vyombo vikaondolewa. Fundi akatandaza taulo jeupe mezani. Kabla hajagusa kitu, Shangazi akamwambia asijisumbue sana, yeye alishaipima kwa pumzi. Mume wangu naye akasema sisi pia tumepima, ila majibu yamepingana.

Fundi akatuuliza tulipulizia wapi.

"Hapa juu," akasema Shangazi.

"Hapo juu pana kioo, mama. Almasi ziko chini ya kioo. Mmepima kioo. Ni cha kweli, hongereni."

Mimi, ninayepulizia vioo vya miwani tangu asubuhi mpaka jioni! Nilijifanya naokota kitu sakafuni. Huko chini nikakutana na mume wangu, naye anaokota.

Basi akaifungua. Akatazama mashine ya ndani, akatoa mishale, akautoa uso wenye almasi akauweka pembeni peke yake, mdogo kama kifungo cha koti. Akautazama mbele na nyuma kwa muda mrefu. Kisha akajifuta mikono na kusema, kwa fahari kubwa, kwamba mashine ni ya kweli, ganda la dhahabu ni la kweli, na almasi ni za kweli.

Shangazi akanyoosha mkono.

"Subiri, mama," fundi akasema. "Ila saa hii haikuzaliwa na almasi. Kiwandani ilitoka na uso mtupu, wenye namba tu. Kuna mtu alikuja akautoboa, akapanda almasi, akapaka rangi juu. Tena hakuwa fundi sana, angalia almasi ya tisa inavyoegemea. Kwa wapenda saa za zamani, hapo imeharibika. Mashine peke yake ni ya kweli. Almasi peke yake ni za kweli. Zikikaa pamoja ndiyo zinakuwa feki."

Sijui kwa nini wote walitugeukia mimi na mume wangu.

"Kwa hiyo ni ya kweli au feki?" Shangazi akauliza.

"Nimekwisha sema."

"Hujasema."

"Mama, nimesema vyote viwili."

Hapo nikamtazama Bibi. Nilikuwa nimeshajiandaa kumshika. Bibi alikuwa anacheka, mabega yanaruka. Akasema yeye anamjua aliyetoboa. Nani mwingine kama si marehemu? Mtu aliyefunga vioo kumi pande zote za baiskeli moja. Mtu aliyeishonea redio pazia. Mtu aliyepaka hata jembe rangi ya waridi, na wanakijiji wakaja kuliangalia. "Alikuwa hawezi kuona kitu kitupu akakiacha kilale," akasema. "Tena aliniambia ni almasi, na huyu kijana anasema ni almasi. Hakuniambia kazipanda nani, na mimi sikumuuliza. Uongo uko wapi?"

Shangazi akasema kumbe baba ndiye aliyeiharibu. Bibi akasema kumbe baba ndiye aliyeitengeneza. Wakarushiana maneno hayo mawili mara kadhaa, kama mpira.

Ndipo fundi akaleta balaa. Akasema uso mtupu wa aina ileile, wa kiwandani, anao dukani kwake, si mbali. Akiuweka huo, saa inarudi kuwa safi, ya kweli kabisa, ya kutafutwa na watu wazito. Akirudisha huu wa almasi, inabaki ya kuchekwa. Anakwenda kuuleta. Akirudi tumwambie aweke uso upi.

"Mtupu," akasema Shangazi. "Iwe ya kweli." Na ikiwa ya kweli tunajua inakwenda wapi.

"Wa almasi," akasema Bibi. "Na saa si yako wala si yangu. Niliitoa, nikampa mke mwenzangu. Muulizeni mwenyewe."

Wote wakanitazama. Mume wangu akaanza, "Lakini Shangazi..." Shangazi akamuuliza, mbele ya fundi, ni nani aliyemfundisha kwenda chooni. Fundi akachukua kofia yake akatoka.

Mimi nikasema, "Samahani, nakwenda kuchukua miwani yangu."

Ndiyo maana niko hapa. Naandika ili mtu akisikia karatasi aone natafuta.

Huyu mama alimlea mume wangu. Alimwogesha, alimpeleka shule, alimsimamia harusi. Nikimkatalia leo, katika wiki ya nne ya ndoa, mbele ya mama yake na fundi, nimejenga ukuta sebuleni kwangu mwenyewe. Nikimkubalia, Bibi atakaa pale kimya akitazama kazi ya mume wake ikifutwa kwenye taulo, na safari hii akiniita mwizi haitakuwa utani.

Mume wangu ameingia sasa hivi. Anasema Shangazi anauliza miwani gani, mbona sivai miwani.

Nimemuuliza, "Wewe uko upande gani?"

Amekaa kitandani kando yangu. "Wako," amesema. "Tatizo sijui ni upi."

Nimembusu.

Mlango wa mbele umegongwa. Fundi amerudi. Namsikia anauliza, aweke upi? Anauliza tena. Sasa ni Shangazi anayejibu, kwa sauti ile ya vitambaa vya meza: "Bibi harusi amekubali, weka mtupu."

Mimi? Nimekubali lini?

Mume wangu amesimama. Amenitazama, anangoja. Sina miwani ya kwenda nayo. Natoka hivihivi —