Namba Ileile

Tunduma,
9 Juni 2024

Dada yangu Fides,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Msangano, wewe na mama, na kwamba sasa chakula kinapita kidogo. Mimi mwili ni mzima. Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ningekata kabla sijafika mwisho.

Unakumbuka mwezi wa pili shemeji Zabron alikuja hapa karakana kwangu, akaniomba nimtengenezee kifaa cha kupima hewa ya shimoni kule Mkwajuni, kipige kengele hewa ikichafuka. Nilikitengeneza, lakini kilikuwa kinazimika chenyewe. Nilipekua programu yake wiki mbili, mstari kwa mstari, hadi nikagundua kwamba kipimo cha hewa kilichomo ndani kisipojibu, chipu inayoendesha kifaa inakwama ikisubiri.

Ili niendelee na uchunguzi, niliongeza mstari mmoja: jibu likichelewa, itumie namba ya mwisho iliyosomwa. Ulikuwa wa muda tu. Kifaa hakikuzimika tena. Shemeji alipokuja aliniuliza kama kweli kimepona, maana wenzake walikuwa wanamsubiri. Nikamwambia, shuka bila wasiwasi shemeji.

Baada ya mazishi ya shemeji, Nikodemo, yule mwenzake aliyemtoa shimoni, alinikabidhi kifaa. Uliponiuliza kwa nini kengele haikulia, nilikujibu kwamba maji yaliingia ndani.

Dada, nilikudanganya. Hayakuingia maji. Waya wa kipimo ulichomoka shemeji akiwa anaanza kushuka. Nilifungua kumbukumbu ya kifaa nikakuta namba ileile, ya hewa safi ya huku juu, imejirudia zaidi ya mara mia nne. Taa ya kijani iliwaka muda wote alipokuwa anakosa pumzi. Mstari ule niliuandika mimi, nikasahau kuufuta.

Jana nilikwenda Mkwajuni nikamweleza Nikodemo yote. Akaniuliza kama wewe unajua. Ndiyo maana leo nakuandikia.

Jumamosi nitakuja. Usiponifungulia mlango nitaelewa, nitakaa hapo nje mpaka gari la kurudi lipite. Mama mwambie wewe, au niachie nimwambie mwenyewe, utakavyoona. Mpe shikamoo yangu, na wewe jitahidi kulala.

Mdogo wako,
Ketrina