Kiti Kipya na Swali la Mbwa

Jumatatu, Lodwar. Jua limetoka likiwa tayari limekasirika.

Kwa heshima na taadhima nawatangazia wananchi wa kaunti hii, jamaa na marafiki walio karibu na walio mbali, kwamba leo saa nne asubuhi nimekabidhiwa kiti. Ni kiti cha ofisi, cha kuzunguka, chenye magurudumu matano, na yote matano yanatembea. Hapakuwa na bendi. Fundi wa hospitali alikisukuma mpaka chumba cha madaktari, akanipa daftari lake nitie sahihi, akaenda zake kunywa chai.

Shajara, usicheke. Nimekuwa daktari wa wodi hapa miaka kumi na tatu, na miaka yote hiyo nimekalia stuli ya maabara. Viti vya maana ni vya mabingwa, na vya wale vijana wanaosomea ubingwa, ambao huja kwetu miezi mitatu kisha wakaenda zao na vyeti. Mimi sisomei chochote. Si bingwa, wala si mwanafunzi wa bingwa. Mimi ndiye yule anayeulizwa glavu ziko wapi. Kila Krismasi mama yangu hunipigia simu kuuliza kama nimemaliza shule. Humjibu kwamba nilimaliza zamani, na ubaya wenyewe ndio huo.

Sijutii. Labda kidogo, siku za Jumatatu.

Sasa kiti kilikujaje? Kilikuja kwa sababu ya mgonjwa mmoja wa Kakuma, nitamwita Mama Regina. Ni mkimbizi kutoka Sudan Kusini, anauza chai na mandazi kambini, ana watoto watatu na hana mtu wa kumshikia birika. Wiki kadhaa zilizopita alikuja kliniki ya huko, ambako mimi huenda kila Alhamisi, akiwa na homa na uvimbe chini ya mbavu za kulia, mkubwa kama chungwa. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Daktari, nipe dawa ya haraka. Mimi nikilala hapa, hao watoto watakula nini?"

Leo kwenye mkutano wa asubuhi, bingwa wa upasuaji aliyetutembelea kwa wiki mbili alisimama akaeleza jinsi alivyomtoa Mama Regina mfuko wa maji kwenye ini, mzima, haujapasuka, na kwamba mama anaendelea vizuri wodini. Mifuko ya aina hiyo hutokana na mayai ya minyoo ya mbwa. Akasema daktari akidhani ni jipu, akaudunga bila maandalizi, maji yale yanaweza kumwagika ndani ya tumbo na mgonjwa akafa palepale kitandani. Kisha akaninyooshea mkono.

"Nimesoma faili. Huyu daktari wenu aliuliza swali moja la maana, na mama yuko hai."

Watu wakapiga makofi. Msimamizi akasema ni aibu mtu kama huyu kukosa hata kiti. Nikainamisha kichwa, kwa unyenyekevu wa mtu anayestahili.

Nikasema asante, na saa nne kiti kikafika.

Nikueleze swali lenyewe. Hapa Turkana, mfugaji akija na uvimbe wa tumbo, tunamuuliza habari za mbwa. Kwa wafugaji maji huwa mbali, na yakipatikana ni ya kunywa. Mtoto mchanga akichafuka, yuko mbwa wa nyumbani wa kumlamba akawa safi. Mbwa huyo ni mlezi, na ukiuliza kwa adabu utajibiwa kwa adabu, pengine na jina lake utaambiwa. Nimeliuliza swali hilo mpaka naliota. Nimewauliza wazee wa Kaaleng. Nimewauliza hata watu wa Katilu wanaolima, wakanitazama kama nimepotea njia.

Aliyenifundisha kuuliza ni Sista Akiru, muuguzi wa kliniki ya Kakuma.

Naandika habari zake hapa kwa sababu leo mkutanoni hakuwepo. Wauguzi wa Kakuma hawaji mikutano ya Lodwar. Wanabaki na wagonjwa. Akiru ni wa umri wangu, magoti yake mabovu kuliko yangu, na kila asubuhi anaisalimia foleni nzima kabla ya kuketi. Ejok ya Kiturkana kwa huyu, Kisomali kwa yule, Kiarabu cha Juba kwa akina mama wa Sudan Kusini. Wakongo anawasalimia kwa Kiswahili chao mpaka wanacheka. Nilidhani ni adabu tu. Ilinichukua miaka minne kugundua kwamba akifika mwisho wa foleni tayari anajua nani anapumua vibaya, nani hawezi kukunja mguu, nani ametembea tangu jana bila kula. Huja akaninong'oneza, "Daktari, anza na yule wa leso nyekundu." Amewahi kukosea mara moja, na hata hiyo bado tunabishana.

Vijana wa ubingwa humwita Sista tu. Wakirudi Nairobi wanasahau jina lake, lakini alichowafundisha wanaondoka nacho.

Sasa tuseme ukweli, maana hapa hakuna wa kupiga makofi.

Alhamisi ile nilimtazama Mama Regina nikaona mkimbizi. Kichwani mwangu swali la mbwa lilikuwa la wafugaji wa hapa; wakimbizi nilikuwa nimewawekea maswali mengine, ya malaria, ya njaa, ya safari. Nilijiona mzoefu kwa kuwagawa watu hivyo. Mashine ya picha ilionyesha maji kwenye ini, mama alikuwa na homa, nikasema ni jipu, tutoe usaha. Nikanawa. Nikavaa glavu. Nikampaka dawa kwenye ngozi, nikachukua ile sindano ndefu.

Akiru alikuwa amemshika mgonjwa bega. Akasema taratibu, bila kuniangalia, "Daktari, huyu mama hujamuuliza mbwa."

"Sista, huyu ni wa Sudan."

"Na hao minyoo wakifika mpakani Nadapal wanaulizwa kitambulisho?"

Kisha akamuuliza yeye mwenyewe, kwa Kiarabu cha Juba. Mama Regina akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akanigeukia, akanijibu kwa Kiswahili, kama mtu anayemtaja jamaa yake.

"Mbwa? Sisi watu wa ng'ombe, daktari. Ilikuwa na sisi moja mweupe. Mimi na wadogo yangu wote, yeye ndio alitulea."

Nikarudisha sindano kwenye trei. Nikajifanya natafuta pamba.

Homa ilikuwa ya malaria, ilikuja kivyake. Tukaitibu, tukamwanzishia vidonge vya minyoo, na Akiru ndiye aliyezunguka kambini mpaka akapata jirani wa kushika birika na kukaa na watoto, ili mama akubali kuja Lodwar kupasuliwa. Leo mchana nimempitia wodini. Amenilalamikia chai ya hospitali, kwamba ni maji yaliyoonyeshwa majani kwa mbali.

Kesho asubuhi nitasimama mkutanoni nilitaje jina la Akiru, na niseme sindano ilikuwa mkononi mwa nani. Naandika hapa ili kesho nisipate pa kujificha, maana najijua: nikiamka nitaona ni afadhali nimwambie msimamizi pembeni, polepole, akiwa na haraka zake.

Na hili nalo nitalisema, maana ndilo linaloniuma zaidi. Siku ile, tulipokuwa tunakusanya vyombo, nilimwambia Akiru, "Nilikuwa karibu kumuuliza." Akajibu, "Ndiyo, daktari," akafunika trei. Kisha nikakaa, nikaandika kwenye faili kwa mwandiko wangu: Nimemuuliza mgonjwa kuhusu mbwa.

Sikumuuliza. Wala sikuwa karibu kumuuliza. Kilichokuwa karibu ni sindano, na ilikuwa imebakiza upana wa kidole kufika kwenye ngozi yake.