Atomu Isiyo na Kiini Kilichotulia

Makina, Kibera

Mjukuu wangu Nafula,

Kwa kuwa nina jina la nyanya yetu na wewe huniita Kukhu, yaani nyanya, leo nakujibu kama Kukhu, ingawa bado navaa sare ya shule. Huku tuko salama; mama amepata kazi ya kufua nguo katika mtaa wa Nyayo Highrise. Unauliza kama uache klabu ya fizikia kwa sababu walikucheka.

Mimi pia walinicheka. Nilipiga hesabu ya atomu ambamo positroni, chembe nyepesi kama elektroni, inachukua nafasi ya protoni. Nikaandika ubaoni kwamba ukubwa wake ni sawa na wa haidrojeni, kana kwamba positroni ingetulia katikati kama protoni nzito.

"Kwani hiyo positroni umeifunga kamba?" mwenzangu Akinyi akauliza. Darasa likaangua kicheko.

Mwalimu akatuita mimi na Akinyi tushikane mikono, tuzunguke. Hakuna aliyebaki katikati. "Uzito ukiwa sawa, zote mbili huzunguka," akasema. Nikarudia hesabu: atomu ni kubwa mara mbili ya haidrojeni.

Nilikuwa nimeamua kujiondoa klabuni siku hiyo. Badala yake nikajisikia nikiuliza, "Na elektroni ikibadilishwa na chembe nzito mara mia mbili?"

Mwalimu akanirudishia chaki.

Kukhu wako,
Nekesa