Mama, Njia Yako ya Matete Imefukiwa

Mama yangu unayelala nyuma ya nyumba,

Maji yamekufikia. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azunguke nyumba nzima kabla ya kubisha hodi. Mvua za mwezi huu zimepita juu ya kaburi lako zikaingia jikoni, na mwanangu anataka nihame nikaishi naye Ipinda. Msimu uliopita nilimkatalia. Sasa nakuandikia nikiwa mezani, miguu nimeipandisha kwenye kiti cha pili, na sijui nitamkatalia kwa maneno gani tena.

Barua hii itasomwa na watu ambao hawakulijua bwawa letu, kwa hiyo nivumilie nikikusimulia unayoyajua kuliko mimi.

Lilianzia nyuma ya nyumba, pale mji wa Kyela unapochoka na mashamba ya mpunga yanapoanza. Babu, baba mkwe wako, alikuwa na kiti chake kando ya barabara ya sokoni. Mila ilikuamuru usionane naye. Mkamwana hapishani na baba mkwe, hatamki jina lake, na akimwona kwa mbali anaiacha njia. Barabara ilikuwa moja, na Babu hakuwa mtu wa kuinuka. Ndiyo maana wewe na wakamwana wenzako mlikuwa na njia yenu ndani ya matete, nyembamba, iliyokanyagwa na miguu ya wanawake tu, na mimi nyuma yako nimeshika pindo la kitenge.

Humo ulijifunza ndege kwa masikio. Yule mweusi na mweupe wa miguu mirefu, anayelia kama nyundo juu ya chuma, ulimwita Mlinzi. Akilia upande wa barabara ulisimama na kunibana mkono. Punde kikohozi cha Babu kilisikika.

"Anaumwa?" niliuliza siku moja.

"Haumwi. Anakohoa ili tujue yupo. Naye ana adabu zake."

Ulinivunjia mafunjo nitafune moyo wake mtamu. Ulinionyesha mayungiyungi na kuniambia kwamba mwaka wa njaa mlichemsha mizizi yake. Tulipomwona ndege sile-maua akitembea juu ya majani yale bila kuyazamisha, akinyanyua vidole vyake virefu kimoja kimoja, ulicheka mpaka ukatua kapu. "Mtazame mkamwana yule. Naye kamkwepa mkwewe." Na jioni yangeyange walirudi kutoka mpungani, kundi baada ya kundi, matete yakainama kwa weupe wao, tukapita chini yao kimya kimya ili wasitunyee.

Nilipokuja likizo kutoka chuoni nilikuwa nimejaa vitabu. Nilikukuta unapeta mchele nikakuhubiria. Nikasema mlidhalilishwa, mtu mzima kuingia matopeni kwa sababu mzee fulani kakaa barabarani.

Hukuinua macho kwenye ungo. "Wewe unaona nilijificha. Mimi nilikuwa natembea. Barabarani wanaume walikaa wakitazama nani kapita na kabeba nini. Kwenye matete nani aliniuliza?"

Bado nasema mila ile ilikuwa dhuluma, na anayebisha aje tubishane. Lakini ndani ya dhuluma ile mlijipatia nchi yenu, yenye walinzi wake na chakula chake, na mwanamume hakuwa na neno humo. Niambie ni wapi katika mji huu leo mwanamke anapita bila kuulizwa hesabu na vijana wa kijiweni.

Ulipofariki, wakubwa wa mji walilitangaza bwawa kuwa hifadhi. Walikata utepe. Walisimamisha kibao chenye picha ya ndege ambaye sijapata kumwona Kyela hata siku moja. Nilipiga makofi, maana nilidhani kibao kinazuia kitu. Haikupita miaka mingi wakubwa walewale wakaitisha mkutano kutuambia kwamba pale patafaa maegesho ya malori na fremu za maduka.

"Eneo limekaa tu, mzee wangu," alisema afisa mmoja kijana, kwa heshima zote.

"Figo zako nazo zimekaa tu," nikamjibu. "Nenda kaziuze."

Watu waliangua kicheko, nikadhani nimeshinda. Ndipo akasimama fundi pikipiki mmoja ambaye namjua tangu anatambaa. "Baba, wewe una pensheni na vitabu. Mimi nina watoto, na gereji yangu ni mwavuli. Unataka nikawalishe yangeyange?"

Makofi yote yakawa yake. Mama mmoja akadakia kutoka nyuma: "Halafu hao ndege wana mabawa, watahama. Sisi wa fremu tuhamie wapi?"

Nikasema maji nayo yatahama, na yenyewe hayahitaji mabawa. Sijui kama kuna aliyesikia. Mwenyekiti alikuwa ameshafunga kikao na watu wanagombea soda.

Malori yalimwaga kifusi kiangazi kizima, Mama. Walianza na mafunjo, wakamaliza na njia yenu. Jioni ya siku walipochoma matete yaliyobaki, yangeyange walirudi kama kawaida. Walizunguka juu ya moshi, wakazunguka tena, wakatua juu ya kuta za fremu ambazo hazijaezekwa. Vijana waliwatupia mawe. Baada ya siku chache hawakuja tena. Siku hizi ukitaka kuwaona nenda dampo, wanachakura mifuko ya plastiki, na weupe wao umekuwa rangi ya majivu.

Fremu zimesimama nusu. Yule fundi pikipiki hakupata hata moja. Nampita chini ya mwavuli wake uleule, ananiita Baba, tunasalimiana, hana kinyongo. Hilo ndilo linaloniumiza. Ningempata mtu wa kumchukia angalau ningepata usingizi.

Nimeandika makala. Nimegombana redioni hadi mtangazaji akanizimia kipaza sauti. Maisha yangu yote niliamini kwamba hoja nzuri, ikisemwa kwa sauti ya kutosha, inasimamisha lori. Haisimamishi. Maji yaliyokuwa yakilala matetini sasa yanalala kitandani kwako, na wakubwa wanaiita mvua isiyo ya kawaida. Mvua ni ileile. Ila tumeivunjia nyumba yake, ikaja kwetu.

Nimeikatiza barua hapa, kwa sababu mke wa mwanangu amefika. Ni muuguzi, mtu wa Tanga, aliletwa huku na kazi. Zamani zako angenikimbia porini. Huyu anakula nami meza moja, ananibishia, na taarifa ya habari ikianza ananinyang'anya rimoti. Ameingia na gambuti, hakuniuliza kama nimekubali. Amekwenda moja kwa moja kwenye vyungu vyako ulivyonunua soko la Lyulilo, akavifunga kimoja kimoja kwenye mablanketi, akavipeleka garini. Aliporudi alisimama kwenye mlango wa nyuma. Msalaba wako umebaki kipande cha juu tu.

"Baba," akasema, "Bibi tunamwachaje?"

Nimezoea kujibu kabla swali halijaisha. Nimemtazama yeye, nikayatazama maji. Kukuhamisha hatuwezi, hakuna jembe linaloweza kuchimba ndani ya ziwa.

"Twende," nimemwambia. "Nipe dakika nimalize kuandika."

Hajabisha. Amebeba redio yangu na viatu vyangu akatoka, na sasa nasikia gari linaunguruma.

Ndaga, Mama. Asante kwa kuninyamazisha pale nilipostahili kunyamaza. Tangu tulipokulaza hapo, kila alfajiri nimekuwa nikifungua mlango wa nyuma na kukuamkia kwa lugha yako, Ugonile, kukuuliza kama umelala salama. Majirani walidhani nazeeka vibaya. Kesho mlango huo utafunguliwa na maji, nayo hayana salamu.

Mwanao wa kwanza